Nyambizi U-505 iliyoko Chicago: kwa nini mabaharia wake waliiacha ikielea?

Msafiri wa Michigan (#1)

Wakuu, salamu. Jumamosi iliyopita nilimpeleka binti yangu katika Jumba la Makumbusho ya Sayansi na Viwanda la Chicago, tukatumia sehemu kubwa ya siku ndani na kando ya U-505, nyambizi ya Ujerumani ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Chombo hicho kina urefu wa zaidi ya mita 76 na kimewekwa katika ukumbi uliochimbwa ardhini, na ukisimama sakafuni ubavu wake unakupanda kama ukuta wa ngome. Ndani mambo ni kinyume kabisa: vitanda vimebanwa karibu na torpedo, njia ni ya mtu mmoja, na kila penye nafasi ya kiganja pana bomba au gurudumu la vali.

Kwa ufupi, tarehe 4 Juni 1944, siku mbili tu kabla ya majeshi ya Washirika kushuka Normandy, U-505 ilikuwa inarudi kwao kutoka doria ya Afrika Magharibi. Kikosi cha Kapteni Daniel Gallery wa Jeshi la Majini la Marekani, chenye meli ya kubeba ndege Guadalcanal na manowari tano za kusindikiza, kiliikuta kiasi cha maili 150 kutoka pwani ya Río de Oro, yaani Sahara Magharibi ya leo, kikaishambulia mpaka ikaibuka. Watu 59 walikuwamo; mmoja alifariki na 58 wakatekwa. Wamarekani wakaingia ndani, wakaziba maji, wakaivuta mpaka Bermuda pamoja na Enigma, mashine ya kuandikia ujumbe kwa lugha ya siri, na vitabu vya ishara.

Swali langu ni hili, na mwongozaji wetu hakulimaliza. Kila baharia wa nyambizi ya Kijerumani alijua kwamba chombo hakiruhusiwi kuanguka mikononi mwa adui, na baruti za kujilipulia zilikuwa zimefungwa humo humo. Imekuwaje basi watu 58 watoke salama na nyambizi ibaki nyuma yao ikielea, mota zikizunguka na vitabu vya siri vikiwa mahali pake?

Fundi Mitambo wa Tanga (#2)

Asante kwa uzi huu. Mimi nimefanya kazi katika vyumba vya mitambo vya meli kwa miaka 22, na jibu langu ni muda. Tangu manowari Chatelain iliposhambulia kwa mara ya kwanza hadi U-505 ilipoibuka zilipita dakika kama sita na nusu. Katika dakika hizo taa zilizimika, sukani ilikwama upande wa kulia, na kukawa na kelele kwamba maji yanaingia upande wa tezi. Hebu jiweke humo: giza, sakafu imeinama, na nahodha anaamuru watu watoke. Baruti za kujilipulia hazijitegi zenyewe. Lazima mtu mwenye akili iliyotulia aende kwenye kila moja na kuitega.

Na wasisingiziwe kwamba hawakufanya lolote. Kifuniko cha chujio la maji ya bahari kilikuwa kimefunguliwa na maji yalikuwa yanaingia kwa nguvu. Baharia mmoja wa Kimarekani, Zenon Lukosius, alikiona kifuniko hicho kikiwa karibu, akakirudisha na kukikaza. Kama kingeangukia chini ya mabamba ya sakafu, leo huko Chicago kusingekuwa na la kutazama.

Mwalimu wa Zamu (#3)

Ndugu Fundi, muda ni sehemu tu ya jibu. Manowari ngapi za Kijerumani zilishambuliwa kwa ghafla vile vile na bado zikazamishwa na watu wake? Mimi naweka uzito kwenye uongozi. Kamanda Harald Lange alikuwa wa kwanza kupanda mnarani, akapigwa risasi za miguu na kuanguka. Ofisa wake wa kwanza naye alijeruhiwa. Amri ya kuacha chombo na kukizamisha ilitolewa, lakini aliyeitoa hakuwa tena na uwezo wa kushuka kuhakikisha kwamba imetekelezwa. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hapa tumeona chombo kilichobaki bila nahodha hata mmoja, na kila mtu akidhani kazi ile imefanywa na mwenzake.

Mwana wa Kilindini (#4)

Nawasoma kwa makini. Naona mnaanzia tarehe 4 Juni, wakati mkosi wa chombo hiki ulianza zamani. U-505 ilishushwa majini Hamburg mwaka 1941 na ilizamisha meli 12. Kamanda wake wa pili, Peter Zschech, alijipiga risasi ndani ya chumba cha uongozi tarehe 24 Oktoba 1943, mbele ya mabaharia wake, huku mabomu ya kulipukia majini yakiwatikisa. Ofisa Paul Meyer alishika uongozi akairudisha Lorient, kituo chao huko Ufaransa. Kabla ya hapo, walikuwa wakitoka bandarini na kulazimika kurudi, safari baada ya safari, kwa sababu mafundi wa Kifaransa waliolazimishwa kufanya kazi Lorient waliiharibu kwa siri. Watu waliopitia hayo wangekuwa na moyo gani wa kubaki ndani ya giza kutega baruti?

Mwanafunzi wa Maktaba (#5)

Mwana wa Kilindini, hoja yako nzito, ila hesabu irekebishwe: doria ndizo 12, meli zilizozamishwa ni 8, zenye jumla ya tani zipatazo 45,000.

Na katika hizo 8 iko moja ambayo sisi tungepaswa kuikumbuka zaidi kuliko wanavyoikumbuka wengine. Mwezi wa Aprili 1942, katika bahari ya Afrika Magharibi, U-505 iliipiga meli ya Marekani West Irmo. Ilikuwa imechukua makuli wa Kiafrika kwa kazi za kupakia na kupakua bandarini. Waliokufa walikuwa 10, na wote 10 ni makuli hao. Siandiki haya ili kuutoa uzi kwenye swali lake. Naandika kwa sababu kila tunaposema nyambizi hii ilikuwa na mkosi, tukumbuke mkosi huo uliwafika wengine kwanza.

Bi Mkubwa wa Kikwajuni (#6)

Mwanangu wa maktaba, Mungu akuzidishie. Hilo la makuli sikulijua.

Kuhusu mkosi, mabaharia wenyewe waliuhesabu kuanzia kwenye skuna. Mwezi wa Julai 1942, katika bahari ya Karibi, kamanda wa kwanza, Axel-Olaf Loewe, aliizamisha skuna ya Kolombia iliyoitwa Roamar. Ilikuwa chombo cha matanga, mali ya nchi ambayo haikuwa vitani. Muda si mrefu Loewe akaugua kidole tumbo, akaondolewa, akaja Zschech. Novemba mwaka huo huo, karibu na Trinidad, ndege ya Uingereza iliwashukia chini mno kiasi kwamba bomu lilipolipuka juu ya sitaha lilivunja nyambizi na ndege yenyewe pamoja. Marubani walikufa, nyambizi ikarudi Ufaransa ikiwa imeraruka vibaya, ikakaa miezi kwa mafundi.

Mimi ni mtu wa pwani, baba yangu alikuwa nahodha wa jahazi, nami najua kwamba mabaharia wakishaamini chombo kina nuhusi, nusu ya nguvu zao zimekwisha kabla ya upepo kuvuma. Fundi wa Tanga atanicheka, lakini yeye anahesabu vali tu, hahesabu nyoyo.

Fundi Mitambo wa Tanga (#7)

Bi Mkubwa, shikamoo. Sikucheki hata kidogo. Nyoyo nazihesabu, ila hazifungui vali wala kuzifunga. Na kumbuka kwamba hao hao waliovunjika moyo, Desemba 1943, chini ya Lange, waliwaokoa Wajerumani wenzao wa manowari T25 iliyozamishwa katika Ghuba ya Biscay, kisha Machi 1944 wakatoka tena kwa doria ya karibu miezi mitatu. Watu waliokata tamaa hawafanyi hivyo.

Mgeni wa Bremen (#8)

Ndugu zangu, nami niongeze upande wa waliowapiga, kwa sababu mnazungumza kana kwamba Wamarekani walipata bahati ya kuokota. Mwezi wa Aprili 1944 kikosi hicho hicho cha Gallery kiliilazimisha nyambizi U-515 kuibuka, na ikakaa juu ya maji kwa muda kabla ya kuzama. Gallery alijiuliza: kama tungekuwa na watu tayari kwenye mashua, je, tusingeipanda? Katika safari iliyofuata kila manowari ilikuwa na kikosi chake cha kupanda, na mabaharia walifanyishwa mazoezi. Siku ya tukio, nyambizi ilipoibuka, ilipigwa zaidi kwa silaha ndogo ili watu watoke nje lakini mwili wa chombo usitobolewe.

Kwa hiyo jibu la swali la Msafiri huenda haliko kwa Wajerumani kabisa. Walizoea kwamba adui akikuona umeibuka anakumaliza, na chombo kinashuka chini chenyewe. Hawakutarajia kwamba adui angeacha kukizamisha kwa makusudi na kutuma mashua.

Luteni Albert David aliyeongoza kikosi cha kupanda kutoka manowari Pillsbury aliingia ndani bila kujua kama kuna mtu anayemsubiri au baruti inayohesabu sekunde. Alitunukiwa Nishani ya Heshima, na katika vita vile vyote hakuna baharia mwingine wa kikosi cha Atlantiki aliyeipata. Alifariki Septemba 1945 kabla ya kukabidhiwa, na Rais Truman akampa mjane wake.

Mwalimu wa Zamu (#9)

Mgeni wa Bremen, hoja yako imenishika, ingawa hainiondoi kwenye yangu. Ila nilisoma kwamba U-505 ndiyo nyambizi ya kwanza ya Kijerumani kutekwa katika vita ile. Ni kweli?

Mwanafunzi wa Maktaba (#10)

Si kweli, Mwalimu, na kosa hilo limeenea sana. Waingereza waliwatangulia. Tarehe 9 Mei 1941 waliipanda U-110 na kutoa mashine ya Enigma, ingawa nyambizi yenyewe ilizama ikivutwa. Agosti 1941 U-570 ilisalimu amri mbele ya ndege, ikatengenezwa na kutumiwa na Waingereza kwa jina la Graph. Linalosemwa kwa usahihi kuhusu U-505 ni kwamba Jeshi la Majini la Marekani lilikuwa halijateka manowari ya adui katika bahari kuu tangu enzi za vita vya 1812 kati ya Marekani na Uingereza.

Na ipo U-559, ambayo inalihusu swali letu moja kwa moja. Tarehe 30 Oktoba 1942, katika Mediterania ya mashariki, mabaharia wa manowari ya Kiingereza Petard waliingia ndani yake ilipokuwa inazama. Luteni Tony Fasson na baharia Colin Grazier walipitisha vitabu vya siri kwa kijana wa kantini, Tommy Brown, kisha chombo kikashuka nao. Brown peke yake ndiye aliyeponea. Huko nako Wajerumani walikuwa wamefungua vali wakatoka bila kuharibu vitabu. Kwa hiyo kuacha siri nyuma hakukuwa ajabu ya U-505 peke yake. Pengine tofauti kati ya nyambizi hizi mbili ni kifuniko kimoja tu alichokiona Lukosius.

Mwana wa Kilindini (#11)

Petard! Nisameheni, jina hilo haliwezi kunipita bila kusema neno.

Mwezi wa Februari 1944, msafara wa meli uliondoka Kilindini kuelekea Colombo, ukiwa na meli ya abiria Khedive Ismail iliyobeba wanajeshi, wauguzi na mabaharia, wakiwamo vijana wengi wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Japani I-27 iliipiga torpedo mbili, ikazama kwa dakika chache mno. Walikufa watu 1,297. Manowari zilizoiwinda I-27 na kuizamisha ni Paladin na hiyo hiyo Petard.

Ndugu wa babu yangu alikuwa mmoja wa wapiga mizinga hao. Babu alikuwa akisema kwamba barua ilifika kijijini ikiwa na mistari michache tu, na kwamba mama yao aliendelea kumwekea chakula kwa muda mrefu baada ya barua ile. Kaburi hakuna. Majina ya waliopotea baharini yameandikwa kwenye ukumbusho ulioko Makaburi ya Vita ya Nairobi, nami nimekwenda nikaligusa jina lake. Kwa hiyo nikitazama picha za nyambizi iliyosuguliwa na kuwashiwa taa, siwezi kuiona kama mtambo wa ajabu tu.

Hata hivyo narudi kwenye swali. Naona uzito wa hoja ya Mwanafunzi: kama kuacha vitabu kulitokea mara kwa mara, basi hofu ya kufungiwa ndani ya chuma ilikuwa kubwa kuliko amri yoyote.

Kapteni wa Rufiji (#12)

Pole sana, Mwana wa Kilindini.

Mimi niwakumbushe kwamba Wajerumani walijua vizuri kuzamisha vyombo vyao, na ushahidi uko kwetu. Julai 1915 manowari Königsberg, iliyokuwa imejificha kwenye delta ya Rufiji, ilipopigwa na kushindwa, Kamanda Looff aliamuru ilipuliwe kwa vichwa vya torpedo zake yenyewe. Mizinga ikatolewa baadaye, ikatumika nchi kavu, na mmoja wake uko Fort Jesus. Mwaka uliofuata, kwenye Ziwa Tanganyika, waliizamisha Graf von Goetzen baada ya mafundi kupaka mitambo yake grisi nzito ili isioze, kwa matumaini ya kuja kuiopoa. Waingereza ndio walioiopoa mwaka 1924, nasi tunaijua kwa jina la Liemba.

Tofauti ni nini? Looff alikuwa na saa kadhaa na chombo kilichokwama mtoni. Mafundi wa Goetzen walikuwa na muda wa kutosha kupaka grisi. Lange alikuwa na dakika, na sehemu ya dakika hizo alikuwa amelala sitahani akivuja damu. Hapa namuunga mkono Fundi wa Tanga: uzamishaji mzuri ni kazi ya mafundi waliopewa nafasi.

Mwalimu wa Zamu (#13)

Kapteni, mfano wako unanisaidia mimi zaidi kuliko Fundi. Königsberg ilikuwa na Looff aliyekuwa hai na anayetoa amri, ingawa naye alikuwa amejeruhiwa. Tofauti si saa peke yake.

Fundi Mitambo wa Tanga (#14)

Mwalimu ameng'ang'ania nahodha wake kama nanga kwenye mwamba. Basi niwape jambo la mitambo ambalo kwangu ndilo tamu kuliko yote.

Wamarekani walipoingia, U-505 ilikuwa inazunguka duara kwa mwendo wa fundo tano au sita kwa sababu sukani ilikwama. Mwendo ule ndio uliokuwa unaisaidia kubaki juu. Mota zilipozimwa, tezi likaanza kudidimia. Pillsbury ilipojaribu kukaa ubavuni, bawa la kupigia mbizi la nyambizi liliitoboa, ikabidi iondoke kujitibu yenyewe. Mwishowe Guadalcanal ikaivuta kwa waya.

Hapo ndipo alipoingia Kamanda Earl Trosino, mhandisi wa Guadalcanal, ambaye hakuwahi kukanyaga ndani ya nyambizi maishani mwake. Alitambaa chini ya mabamba akifuata bomba moja baada ya jingine kwa mkono. Kisha akaachanisha injini za dizeli na mihimili ya rafadha. Nyambizi ilipovutwa, maji yakazizungusha rafadha, rafadha zikazungusha mota za umeme, na mota zikawa jenereta zinazojaza betri. Betri zilipopata umeme, pampu za nyambizi yenyewe zikafanya kazi ya kutoa maji. Yaani chombo kilijiokoa kwa nguvu ya kuvutwa. Kila mwanafunzi wangu wa mitambo nimemsimulia kisa hiki.

Msafiri wa Michigan (#15)

Nashukuru kwa michango yote. Kisa cha Trosino kinaelezwa pale kwenye maonyesho, lakini si kwa namna ambayo Fundi amekieleza.

Niongeze jinsi nyambizi ilivyofika Chicago, maana nayo ilinusurika kuzamishwa kwa mara nyingine. Baada ya vita ilizungushwa bandarini kuchangisha fedha, kisha ikaachwa ikioza huko Portsmouth, New Hampshire, huku jeshi likipanga kuifanya shabaha ya mizinga. Gallery alikuwa mzaliwa wa Chicago, na ndugu yake, Padri John Gallery, alizungumza na mkuu wa makumbusho, Lenox Lohr. Jambo lilikubalika upesi kwa sababu mwanzilishi wa jumba lile, Julius Rosenwald, alivutiwa na makumbusho ya Munich ambako nyambizi ya kale U-1 ilikuwa imewekwa, na kwa hiyo hamu ya kuwa na nyambizi ilikuwepo tangu mwanzo. Wakazi wa Chicago walichanga dola 250,000. Mwaka 1954 ikavutwa kupitia Mto St. Lawrence na Maziwa Makuu, na usiku mmoja mwanzoni mwa Septemba ikavushwa barabara kuu ya kando ya ziwa. Tarehe 25 Septemba ikawekwa wakfu kuwa ukumbusho wa mabaharia wa Marekani waliokufa.

Sehemu nyingi za ndani zilikuwa zimeng'olewa. Gallery aliviandikia viwanda vya Ujerumani vilivyotengeneza vifaa vyake vya asili, navyo vikatuma vipuri bila malipo. Ilikaa nje kwa nusu karne, ikipigwa na theluji na jua, mpaka 2004 iliposhushwa kwenye ukumbi wake wa sasa, ambao ulifunguliwa mwaka uliofuata.

Binti yangu aliniuliza kama Wajerumani hawaoni uchungu chombo chao kuwekwa pale. Sikuwa na jibu.

Mgeni wa Bremen (#16)

Msafiri, nikujibu kwa ninayoyaona huku. Ziko nyambizi nne za Kijerumani za vita ile ambazo watu wanaweza kuzitazama. U-995 iko ufukweni Laboe, karibu na Kiel. U-2540, iliyopewa jina la Wilhelm Bauer, iko Bremerhaven, saa moja tu kutoka ninapoishi. U-534 iliopolewa 1993, nayo iko Birkenhead, Uingereza, ikiwa imekatwa vipande. Ya nne ni hiyo yenu. Bremerhaven nimekwenda na mfanyakazi mwenzangu ambaye babu yake alihudumu kwenye nyambizi. Hakuonyesha uchungu wala fahari. Alisimama kimya mbele ya vitanda, kisha akasema tuondoke.

Kuhusu mabaharia wa U-505, walifungiwa katika kambi ya Ruston, Louisiana, mbali na wafungwa wengine, na Shirika la Msalaba Mwekundu halikuruhusiwa kuwaona, ili Ujerumani isijue kwamba vitabu vimetekwa na kubadilisha ishara zake. Familia zao ziliambiwa wamekufa. Mabaharia wa Kimarekani wapatao 3,000 waliapishwa kunyamaza, nao wakanyamaza. Admirali King, mkuu wa Jeshi la Majini la Marekani, alimghadhibikia Gallery, kwa sababu kama habari ingevuja siku mbili kabla ya Normandy, hasara ingekuwa kubwa kuliko faida.

Bi Mkubwa wa Kikwajuni (#17)

Mama zao waliambiwa wamekufa, nao wapo hai Louisiana. Na huku mama wa nduguye babu yake Mwana wa Kilindini anamwekea chakula aliyekwisha kufa. Vita ni ile ile moja.

Nina neno kuhusu swali. Wote mnaeleza kwa nini *hawakuweza*. Hakuna aliyeuliza kama walitaka. Mwaka 1944 mabaharia wa nyambizi za Kijerumani walikuwa wanakufa kwa wingi, na kila mmoja alijua hesabu hiyo. Kijana wa miaka 20 anayeambiwa atoke, akaiona ngazi iko wazi na mwanga wa jua juu yake, atarudi nyuma kwa ajili ya baruti? Simwiti mwoga. Namwita mtoto wa mtu.

Kapteni wa Rufiji (#18)

Bi Mkubwa, ni hoja ya kibinadamu na naiheshimu, lakini inawadhulumu waliobaki chini wakafungua chujio. Yule aliyefungua hakukimbilia ngazi kwanza.

Mwanafunzi wa Maktaba (#19)

Ni kweli, na jina lake linajulikana kwa maelezo yake mwenyewe. Hans Goebeler, aliyekuwa akihudumu katika chumba cha uongozi, alieleza baada ya vita kwamba ni yeye aliyekifungua kifuniko kile, akiamini kuwa chombo kitashuka. Miaka mingi baadaye alihamia Marekani, akawa akikutana na maveterani wa pande zote mbili. Kwa hiyo aliyefungua na waliofunga walikuja kuwa watu wanaosalimiana.

Lakini maelezo ya mtu mmoja aliyekuwa gizani, aliyoyatoa baada ya miaka mingi, mimi siyachukui kama neno la mwisho.

Fundi Mitambo wa Tanga (#20)

Hata mimi pana kinachonisumbua hapo. Mtu anayefungua chujio kwa nia ya kuzamisha hukitupa kifuniko mbali, ndani ya maji, ambako hakuna atakayekipata. Hiki kilipatikana karibu. Ama aliyekifungua alikuwa na haraka mno, ama kiligonga kitu kikarudi, ama sakafu iliyoinama ilikirudisha. Ningependa sana kujua chujio lile liko umbali gani kutoka kwenye ngazi ya mnara, maana umbali huo ungetueleza yule mtu alikuwa na sekunde ngapi.

Mwalimu wa Zamu (#21)

Ukipata umbali, Fundi, bado utahitaji kujua ni nani aliyepaswa kusimama pale akamwambia kitupe mbali zaidi.

Msafiri wa Michigan (#22)

Nitarudi pale mwisho wa mwezi pamoja na binti yangu, ambaye tangu Jumatatu ananiuliza kama wakuu wa kwenye uzi wamejibu. Nitamwomba mwongozaji atuonyeshe chujio lilipo, nami nitapima kwa hatua kutoka chini ya ngazi, kisha nitawaletea hapa hapa.

Bi Mkubwa wa Kikwajuni (#23)

Nenda salama, mwanangu. Na ukishapima hatua zako, muulize mwongozaji huyo kama mahali popote ukutani pameandikwa habari za wale makuli 10 wa West Irmo.